Jinsi ya kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja bila kupitia seva ya mtu

Wengi wakitaka kompyuta zao mbili ziongee zenyewe wanakimbilia kuinstoli programu, ikigoma wanailaumu programu. Anza na ruta bwana. Ingia kwenye ukurasa wa ruta yako utafute anwani ya WAN (ile ya upande wa intaneti), halafu fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako, yaani anwani yako ya intaneti, ulinganishe. Zikiwa sawa mambo safi, una anwani yako peke yako na mtu wa nje anaweza kukufikia. Zikitofautiana, hasa ile ya WAN ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ujue kampuni inayokupa intaneti imewarundika wateja kibao chini ya anwani moja, hiyo ndo inaitwa CGNAT, na hapo hata ufungue poti zote za ruta yako hakuna kitu kitaingia maana mlango wenyewe uko kwao sio kwako.

Angalia pande zote mbili. Habari njema ni kwamba inatosha upande mmoja tu uwe na anwani yake, huyo atakuwa wa kupigiwa na mwingine atakuwa wa kupiga.

Kwa kazi hii mimi natumia WireGuard. Ni programu huria ya VPN, yaani inatengeneza njia ya siri kati ya mashine zenu, na tangu 2020 iko ndani ya kernel (kiini) ya Linux yenyewe kuanzia toleo la 5.6, kwa hiyo kwenye Linux unaongeza tu kifurushi cha wireguard-tools, na Windows, Mac na simu zina app yake. Kila mashine itengeneze funguo zake yenyewe:

umask 077
wg genkey | tee siri.key | wg pubkey > wazi.key

Mnabadilishana wazi.key peke yake. Ile ya siri haitoki kwenye mashine, usiitume hata kwa mtu unayemwamini vipi.

Sasa fungua faili la /etc/wireguard/wg0.conf. Lina sehemu mbili, Interface ambayo ni mambo yako na Peer ambayo ni mambo ya mwenzako. Kwako unaweka PrivateKey na Address, mfano 10.77.0.1/24 kwa anayepigiwa na 10.77.0.2/24 kwa anayepiga, na yule wa kupigiwa anaongeza ListenPort = 51820. Kwenye Peer ya yule anayepiga inakuwa hivi:

PublicKey = ufunguo wazi wa mwenzako
Endpoint = anwani ya mwenzako:51820
AllowedIPs = 10.77.0.1/32
PersistentKeepalive = 25

Anayepigiwa yeye haweki Endpoint, anaweka PublicKey na AllowedIPs = 10.77.0.2/32 basi, mengine atayajua pakiti (vipande vya data) zikifika. Hiyo AllowedIPs watu wanaichezea vibaya sana, ukiandika 0.0.0.0/0 maana yake intaneti yako yote inapitia kwa mwenzako, na kama hukukusudia hivyo utashangaa kila kitu kimekata ghafla. Na ile 25 ni sekunde: ruta inakumbuka mazungumzo ya UDP (aina ya utumaji data ambayo WireGuard inatumia) kwa muda mfupi tu, mkikaa kimya inafuta, ndo maana upande ulio nyuma ya NAT (pale vifaa vingi vinapotumia anwani moja ya nje) unatuma kapakiti kadogo kila mara ili njia isizibe.

Kwenye ruta ya anayepigiwa elekeza poti 51820 iende kwenye kompyuta yake, na iwe UDP, narudia UDP, ukichagua TCP utahangaika mpaka kesho. Halafu pande zote:

sudo wg-quick up wg0
sudo wg show

Anayepiga ajaribu ping 10.77.0.1, kisha angalia mstari wa latest handshake. Ukiuona mmeshaungana. Usipouona usitegemee ujumbe wa kosa, WireGuard pakiti asiyoijua haiijibu kabisa, inanyamaza tu, kwa hiyo funguo zikiwa zimekosewa na poti ikiwa imefungwa vyote vinafanana ukiwa nje. Mimi huwa naanza kukagua funguo, watu wanapenda kupachika ufunguo wao wenyewe kwenye Peer.

Sasa kama nyote wawili mko nyuma ya CGNAT? Angalia kwanza kama mna IPv6 (zile anwani mpya ndefu za intaneti) pande zote, maana huko kwa kawaida hakuna NAT, unafungua fayawoli tu. Kama hamna, inabidi kutoboa njia: NAT ni kama mlinzi wa geti, anamruhusu mgeni kama mwenye nyumba alishatoka kwenda kumwita, kwa hiyo kompyuta zote mbili zinatuma pakiti kwa wakati mmoja na kila ruta inadhani hilo ni jibu lililokuwa linasubiriwa. Lazima awepo mtu wa tatu wa kuziambia anwani na poti zinavyoonekana kwa nje, kazi hiyo inafanywa na seva ya STUN, na WireGuard peke yake haina hicho kitu. Tena kuna NAT zinazobadilisha poti kwa kila unayeongea naye, hizo kutoboa ni bahati, mara nyingi unaishia kupita kwa mpokezi wa katikati.

Kama shida yako ni mafaili tu usijitese, weka Syncthing pande zote, nayo ni huria. Fungua 127.0.0.1:8384 kwenye brauza, nakili ID ya kifaa, iweke upande wa pili, kubali, shea folda. Kutafutana na kutoboa inafanya yenyewe, ikishindwa inapitia relei (seva ya katikati ya kupokeza), na data inakuwa imefungwa kwa hiyo mwenye relei haioni. Ila ukiona kifaa kimeandikwa relay tegemea mwendo wa kobe, fungua poti 22000 TCP na UDP upande unaowezekana. Na sio bakapu hiyo, ukifuta faili huku, kule nako linafutika, washa kutunza matoleo ya zamani mapema.

Kwa wa WireGuard, anwani ya nyumbani ikiwa inabadilikabadilika tumia jina la DNS (jina linaloelekeza kwenye anwani yako) kwenye Endpoint, lakini jina linatafutwa mara moja tu pale unapowasha, anwani ikibadilika itabidi uzime kwa wg-quick down wg0 halafu uwashe tena.