Bei ya hisa imepanda, lakini zimebebwa gorogoro ngapi?

Nauza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye hapa Kisumu. Hisa zikianza kupanda, wenzangu wa chama chetu cha akiba hunijia: "Mama, tununue?" Mimi huwarudisha kwenye omena. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti samaki, na gorogoro, mkebe tunaopimia, hupanda bei ingawa nimeuza chache tu. Wiki nyingine lori linatoka Nairobi, linazoa magunia yote na kuulizia mengine. Bei imepanda mara zote mbili, ila moja ni ya uhaba, nyingine ni ya mnunuzi.

Soko la Hisa la Nairobi hufunga saa tisa alasiri. Jioni andika daftarini bei ya kufunga na idadi ya hisa zilizouzwa. Zikitimia siku 20, jumlisha idadi, gawanya kwa 20. Hicho ndicho kipimo chako. Bei ikipanda siku kadhaa na idadi ya siku ikawa zaidi ya mara mbili ya kipimo, huenda lori limefika. Idadi ikiwa chini ya kipimo, huenda ni mbalamwezi. Hapo niliungua mimi: nilinunua hisa 3,000 za kampuni ndogo iliyopandishwa na hisa mia nne kwa siku. Kuziuza kulinichukua siku 11, kwa hasara.

Lori lenyewe ni nani? Mifuko ya pensheni, bima, wageni, yaani wawekezaji wa kutoka nje. Dalali wako akikuonyesha idadi ya mauziano, yaani hisa za siku hiyo ziliuzwa kwa mafungu mangapi, gawanya hisa kwa idadi hiyo. Hisa 600,000 kwa mauziano 12 ni 50,000 kila moja. Chama chetu hakina ubavu huo. Zikienda kwa mauziano 1,500, ni 400 kila moja: ni sisi tunaofuatana. Uziano mmoja mkubwa peke yake uuondoe kwenye hesabu, pengine ni wakubwa wawili wamepatana.

Za wageni, toa walichouza kwenye walichonunua. Usitosheke na kusikia "wageni wamechangamka". Anayehama pia huchangamka.

Ninachoogopa zaidi ni hiki: bei imepanda miezi, sasa idadi ni kubwa ajabu lakini bei haisogei. Kila hisa iliyonunuliwa kuna aliyeiuza. Lori limegeuza, linashusha magunia, na wanaoyapokea ni sisi wa gorogoro. Wiki hiyo wanachama hunipigia simu sana kuliko wakati wowote, wakitaka kununua.