Jinsi ya kuandika historia ya duka la bei nafuu lililomezwa

Ukitaka kuandika historia ya supamaketi za bei nafuu zilizonunuliwa na kampuni kubwa zaidi, usianzie kwenye tangazo la mauzo. Mimi huandika swali moja juu kabisa ya ukurasa: kilichonunuliwa hasa ni nini? Ni jina, ni majengo, au ni biashara yenyewe? Kazi hii nilijifunzia kwenye maduka ya bei nafuu ya Netto yaliyokuwa Uingereza, basi tuyatumie hayohayo.

Chora jedwali la safu nne: mwaka, jina la mlangoni, mwenye mali, idadi ya maduka. Jina na mwenye mali usiwaweke safu moja kamwe, hata wakilingana. Wengi wanakorogea hapo. Netto ni ya Denmark, ilianza Copenhagen mwaka 1981, ikavuka bahari na kufungua duka Leeds, Uingereza, mwaka 1990. Bango lake ni la manjano, lina mbwa mweusi aliyeng'ata kikapu. Alama kama hiyo iandike pembeni. Itakusaidia kutambua picha za zamani zisizo na maelezo.

Sasa ingia kwenye mauzo. Mei 2010 Asda, kampuni ya supamaketi ya Uingereza iliyokuwa mali ya Walmart ya Marekani tangu 1999, ilitangaza kununua maduka 193 ya Netto kwa pauni milioni 778. Bei ya namna hii usiinukuu tu ukapita. Igawanye: ni zaidi kidogo ya pauni milioni 4 kwa duka. Nani atatoa fedha hizo kwa rafu, majokofu na makopo ya maharage? Duka la Netto lilikuwa na wastani wa futi za mraba 8,000 hivi, na Asda, iliyozoea majengo makubwa, ilitaka kuingia mitaani kwa maduka madogo. Ilinunua mahali. Ndiyo maana mwaka 2011 mabango ya manjano yalishushwa, ya kijani yakapandishwa.

Hapa pana mtego, na ulininasa. Rasimu yangu ya kwanza ilisema maduka yote 193 yaligeuka Asda, nikalazimika kufuta kurasa sita. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilikuwa imeweka sharti kwamba 47 kati yake, karibu robo, yauziwe wengine, kwa sababu katika maeneo hayo wateja wangebaki na machaguo machache mno. Kwa hiyo soma uamuzi wa mamlaka kabla ya kusoma magazeti. Magazeti hushika bei. Uamuzi hukuonyesha eneo kwa eneo.

Wala usifunge daftari siku bango linaposhushwa. Mwaka 2014 Netto ilirudi, tena Leeds, kwa ubia na Sainsbury's, kampuni nyingine ya supamaketi ya Uingereza. Iliwezekana kwa kuwa jina lilibaki kwa Wadenmark. Ubia huo ulifika maduka 16, ukavunjwa mwaka 2016.

Kisha mfuate muuzaji hadi nchi nyingine. Aliyeuza huku huenda ananunua kule: mwaka 2020 Salling Group, wenye Netto, walikubaliana kununua maduka ya Tesco, supamaketi ya Uingereza, yaliyokuwa nchini Poland ili wayageuze kuwa Netto. Mstari huo nao uingie kwenye jedwali lilelile.