Kugeuza mota ya mashine ya kufulia iwe jenereta ya upepo, nilivyofanya Kisongo

Wakuu, kile kinu changu cha upepo cha Kisongo, Arusha, watu wanakiulizia kila siku, basi ngoja nishushe yote hapa. Ni umeme wa taa, simu na redio, mwenye ndoto za pasi na jiko aendelee tu na TANESCO.

Hatua ya 1, mota. Hapa ndo wengi wanapigwa. Zile mota ndogo za mkanda na kaboni achana nazo, hazina sumaku ya kudumu na zinataka mizunguko maelfu kwa dakika, upepo wetu hauwezi. Tafuta ya dairekti draivu, ni bapa kama sinia na inakaa nyuma ya dramu bila mkanda, LG nyingi zinayo. Kule nje wanaipenda sana ya Fisher & Paykel za New Zealand ila huku mimi sijakutana nayo. Kabla hujalipa, shikanisha waya mbili kati ya zile tatu alafu zungusha kwa mkono, ikiwa nzito ghafla ujue sumaku ni nzima. Kwaruza waya kidogo pia, maana zingine zimesukwa kwa alumini na rangi inakudanganya ni shaba, alumini solda haikamati utaumia kichwa bure.

Usichukue mota peke yake. Omba na shafti, beringi zake na kile chuma cha mikono mitatu kinachoshika dramu, hicho kinabeba mapanga matatu vizuri tu, ila angalia kisiwe kimeliwa na sabuni. Kipande cha plastiki kinachoshika beringi kikate kwa grainda utoke nacho.

Hatua ya 2, koili, na hapa tulia. Yangu ina meno 36, kila jino na koili yake, yaani koili 12 kwa kila fezi (njia moja kati ya tatu za umeme wa mota) na zote 12 zimeungwa mstari mmoja, mwisho wa moja kwenye mwanzo wa nyingine, kwa hiyo volti zinakuwa nyingi ampea kiduchu, betri ya volti 12 haifaidiki. Koili za fezi moja ni ya 1, 4, 7, 10 na kuendelea, unaruka mbili mbili. Nilikata viungo nikatengeneza makundi manne ya koili tatu tatu, mianzo yote pamoja na miisho yote pamoja, ukigeuza kundi moja tu yanapigana yenyewe kwa yenyewe na mota inapata moto. Miisho ya fezi zote tatu unaifunga sehemu moja, hiyo ndo nyota, zile tatu zilizobaki zinaenda kwenye daraja la dayodi la fezi tatu, ndo linageuza umeme wa AC kuwa DC wa kuchaji betri. Zungusha kwa drili, kwenye mizunguko kama 200 kwa dakika iwe inaanza kuvuka volti za betri, isipofika ongeza koili kwenye kila kundi.

Ukiona rota (ile inayozunguka yenye sumaku) inakwama kwama, punguza kona za meno ya stata (ile isiyozunguka yenye koili) kwa tupa, kidogo kidogo.

Hatua ya 3, mapanga. Bomba la PVC la inchi 6, matatu, upana wa duara lote yakizunguka mita 1.8. Yapime uzito yalingane kabisa. Usitegemee miujiza, upepo wa mita 5 kwa sekunde utakupa wati 30 hivi, ukifika mita 8 unaona mia na kitu, upepo ukiongezeka mara mbili nguvu inapanda mara nane. Ndo maana Tengeru kwenye migomba na miti hata usihangaike, mlingoti lazima uvuke kila kilichopo karibu.

Hatua ya 4, usikiache kinu bila mzigo, yaani bila kitu kinachovuta umeme wake. Kontrola (kisimamizi cha chaji) ya kawaida ya sola, betri ikijaa inakata, na kinu kikikatwa kinakimbia kama kichaa na volti zinapanda mpaka za kuua mtu. Mimi fyuzi iliungua usiku, asubuhi nikakuta panga moja kwenye banda la kuku la jirani, kuku walipona ila jirani hadi leo ananiangalia vibaya. Tumia kontrola ya upepo inayomwaga umeme wa ziada kwenye hita, na kabla ya daraja weka swichi ya kushikanisha zile waya tatu, hiyo ndo breki. Ivute mapema upepo ukiwa bado mdogo, ukichacha inaweza isishike na koili zikaungua.

Mkia nao uufunge kwa bawaba iliyolala kidogo, upepo mkali ukija kinu kigeuze uso chenyewe. Mkia wangu wa kwanza niliuchomelea moja kwa moja, nikaukata wiki ya pili.