Unaenda kufundisha nje ya nchi kwa ekschenji ya chuo? Anza kwa kukaa nyuma ya darasa

Wiki ya kwanza usifundishe. Najua una hamu, andalio la somo umeshaandika toka nyumbani na picha umeprinti, lakini omba ukae nyuma na daftari, alafu piga mstari katikati ya ukurasa, kushoto andika ulichokiona kwa macho tu, kulia andika ulichodhani. "Kaulizwa swali kaangalia chini" inakaa kushoto, "huyu hajasoma" inakaa kulia. Vipindi vikiisha mtafute mwalimu mwenyeji, msomee ya kushoto peke yake umuulize, hapa kwenu hii maana yake nini? Mi ya kulia wiki ile karibu yote niliifuta, na nilijiona mjanja kweli wakati naiandika.

Ukimya ndo ulinitesa. Nauliza swali, darasa zima kimya, najijibu mwenyewe nasonga mbele, nikajua hawanielewi. Kumbe ni ugonjwa wa walimu wengi, mtafiti Mary Budd Rowe alishaonyesha miaka ya 1970 kwamba mwalimu akiuliza anasubiri kama sekunde 1 hivi, na akivumilia 3 majibu yanarefuka na wanaojibu wanaongezeka. Sasa mtoto anayesikia lafudhi yako kwa mara ya kwanza inabidi kwanza ajue umesema nini, mpe 5, mpe hata 7, hesabu kimoyomoyo na usichezecheze chaki. Pia kuna madarasa ambayo kunyoosha mkono mbele ya wenzako ni kama kujionyesha, waache wajadili wawili wawili kwanza ndo uulize, utashangaa wanavyojua.

Maksi usiguse kabla hujauliza. Ujerumani 1 ndo bora kuliko zote na 6 ndo umefeli kabisa, Ufaransa wanasahihisha juu ya 20 na mwenye 14 anatembea kifua mbele, kwaiyo ukienda na vipimo vya kwenu utaliza watoto bure. Kuitwa nako hivyohivyo, Ufini wanafunzi wanamwita mwalimu kwa jina lake la kwanza na hakuna aliyekosewa heshima, usinune.

Alafu jiandae kuchoka. Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia, aliandika kuhusu mshtuko wa utamaduni mwaka 1960, hatua ya mwanzo akaiita fungate, kila kitu kizuri, baada ya hapo unaanza kuchukia hadi kengele ya shule yao na unajikuta kila jioni uko na watu wa kwenu mnawasema wenyeji. Itakupata tu. Kaeni mlalamike siku moja kwa wiki, siku zingine kubali mwaliko wowote wa walimu wa pale hata kama lugha inakupiga chenga. Na ripoti ya chuo usiiandike kipindi hicho, mi niliandika yangu nikiwa na hasira, msimamizi akanirudishia ameandika swali moja tu pembeni, "uliwauliza?"