Kutambua mifupa ya chura wa kale: anza na nyonga

Kabla ya yote, kibali. Tanzania visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo usiguse mwamba bila karatasi mkononi.

Hatua ya 1. Loweka mashapo majini hadi yalainike yenyewe, kisha yachekeche kwa chekeche la matundu ya nusu milimita. Usisugue. Anika kivulini, halafu chambua chini ya hadubini kama unayechambua mchele.

Hatua ya 2. Hakikisha ni chura, maana mijusi imetudanganya wengi. Mifupa miwili ya muundi wa chura imeungana ikawa mmoja, na mfereji kwenye kila ncha unaonyesha ilipokutana. Mkono nao ni hivyohivyo. Kifandugu ni kijiti kirefu kimoja.

Hatua ya 3. Tafuta mfupa wa nyonga, ule mrefu wenye tundu la paja mwishoni. Ukinipa mfupa mmoja tu nichague, nachukua huu. Utazame kwa ubavu: je, juu ya mpini wake kuna ukingo uliosimama kama shungi? Ranidae, familia moja ya vyura, na jamaa zao wengi wanao. Bufonidae, wale wenye vipele mgongoni, kwa kawaida hawana, ila wana kinundu karibu na tundu. Kagua kama ukingo umevunjika kabla ya kusema haupo. Mimi niliwahi kupoteza siku mbili kwa kosa hilo.

Hatua ya 4. Geukia pingili za uti wa mgongo. Pipidae, vyura wa majini, pingili zao zimetuna mbele na zina kishimo nyuma. Vyura wengi wengine ni kinyume. Tena kwa Pipidae pingili ya nyonga imeshikana na kifandugu. Ndivyo alivyo *Singidella*, chura wa kale wa Mahenge, Singida, aliyeelezwa mwaka 2005 kutoka tope la ziwa la miaka milioni 46 hivi. Kule mifupa hulala pamoja kwenye bamba. Bonde la Rukwa utapata vipande tu, lakini hata kipande husema: pingili ya nane ikiungana na ya nyonga, fikiria Ptychadenidae, familia ya vyura warukaji wa Afrika. Kwa alama hiyo walitambuliwa huko, kwenye mashapo ya miaka milioni 25.

Hatua ya 5. Linganisha na mifupa ya vyura wa leo, wakubwa kwa wadogo, kisha ishia pale ushahidi unapoishia. "Anura, familia haijulikani" (Anura ni jina la kisayansi la vyura wote) ni jibu halali kabisa. Hifadhi kila mfupa ndani ya kidonge kitupu cha jelatini, na lebo iandikwe tabaka kabla ya jina.