Ukifika Hijiyama, inua macho kwanza

Mdogo wangu anaondoka Nairobi wiki ijayo kwenda Hiroshima, nami nimemwambia: usikimbilie picha za ukutani, anza na jengo lenyewe. Jumba la Sanaa ya Kisasa liko kilimani, ndani ya Bustani ya Hijiyama. Panda tramu, shuka Hijiyama-shita, kisha upande mlima polepole. Jumatatu huwa wanafunga.

Ukifika kwenye uwanja wa mviringo ulio mlangoni, simama katikati utazame juu. Paa limezunguka kama pete, ila sehemu moja limekatwa. Mkato huo unaelekea pale ambapo bomu la atomiki lililipuka juu ya mji tarehe 6 Agosti 1945. Kaa hapo. Usipige picha bado. Mimi nilikaa karibu nusu saa, nikakumbuka Agosti yetu ya 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa kwa bomu hapa Nairobi, na ile bustani ya kumbukumbu iliyo kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, ninayopita kila jioni nikienda kupanda matatu. Kama hujawahi kuingia humo, ingia kabla hujasafiri. Hijiyama utaielewa upesi zaidi.

Usidanganywe na udogo wa jengo kwa nje. Msanifu wake, Kisho Kurokawa, aliweka sehemu kubwa chini ya ardhi ili kilima kibaki kilima. Jumba lilifunguliwa 1989. Kwa kuwa mengi yamefichwa chini, jipe saa tatu nzima, na ukitoka umtafute mchongaji Henry Moore: tao lake liko nje. Lizunguke pande zote.