Namna ya Kutambua Njia Itakayochaguliwa na Ruta

Fundi aliyeunganisha ofisi ya Dodoma mjini na ofisi ya Mtumba kwa faiba, kisha akafunga redio ya akiba juu ya paa, anakuwa na njia mbili za kufika mahali pamoja. Hapo ndipo mengi huanza kumshangaza, kwa maana pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, huweza kupita njia asiyoitarajia. Hata hivyo, ruta, yaani kifaa kinachoelekeza pakiti kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, haibahatishi. Inafuata utaratibu maalumu, na anayeujua utaratibu huo anaweza kusema pakiti itapita wapi kabla hajagusa kebo yoyote.

Kwanza, tenganisha kazi mbili za ruta, kwa sababu mafundi wengi huchanganya mambo hapa. Kazi moja ni kujaza jedwali la njia, na nyingine ni kulisoma jedwali hilo kila pakiti inapowasili. Kiwango cha kuaminika kwa njia, ambacho wakufunzi wengi hukiita umbali wa kiutawala, pamoja na gharama ya njia, hutumika wakati wa kujaza tu, tena pale ambapo njia zinazoshindana zinaelekea mtandao uleule wenye idadi ileile ya biti (tarakimu za 0 na 1 za mwanzo wa anwani zinazoutambulisha mtandao). Wakati wa kusoma, ruta hutafuta mstari unaolingana na anwani ya pakiti kwa biti nyingi zaidi.

Chukua mistari hii mitatu kutoka ruta ya mjini, ambapo 10.1.1.2 ni upande wa pili wa faiba, 10.1.2.2 ni upande wa pili wa redio, na 10.1.3.1 ni lango la intaneti. Herufi O ni njia iliyoletwa na OSPF, itifaki (lugha) ambayo ruta hutumia kuambizana njia, S ni njia iliyoandikwa kwa mkono, na namba iliyo baada ya mkwaju ni idadi ya biti za mtandao:

O 10.20.5.0/24 [110/2] via 10.1.1.2
S 10.20.0.0/16 [1/0] via 10.1.2.2
S* 0.0.0.0/0 [1/0] via 10.1.3.1

Pakiti inayokwenda 10.20.5.9 inalingana na mistari yote mitatu, lakini itapita kwenye faiba, kwa kuwa biti 24 ni nyingi kuliko 16. Haijalishi kwamba ndani ya mabano mstari wa pili una namba 1 na wa kwanza una 110, kwani namba hizo hazilinganishwi kati ya mitandao yenye urefu tofauti. Pakiti ya kwenda 10.20.7.9 itapita kwenye redio, na ile isiyolingana na lolote kati ya hayo itaangukia mstari wa mwisho, yaani njia ya jumla.

Sasa tazama mabano. Namba ya kushoto ni kiwango cha kuaminika, na iliyo ndogo ndiyo inayoshinda. Katika vifaa vya Cisco, mtandao uliochomekwa moja kwa moja una 0, njia iliyoandikwa kwa mkono ina 1, BGP ya nje (itifaki ya kuambizana njia na mitandao ya mashirika mengine) ina 20, OSPF ina 110 na RIP, itifaki nyingine ya zamani, ina 120. Usizikariri kana kwamba ni za vifaa vyote, kwa sababu Juniper, mtengenezaji mwingine, huipa njia ya mkono 5 na OSPF ya ndani 10.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja hapa mjini ambako watumishi walilalamikia mtandao mzito, ilhali faiba ilikuwa nzima na karibu haina kazi. Aliyeweka redio ya akiba alikuwa ameandika kwa mkono njia ya kwenda mtandao uleule wa /24 ambao OSPF ilikuwa tayari inaujua kupitia faiba. Kwa kuwa 1 ni ndogo kuliko 110, njia ya faiba iliondolewa kwenye jedwali, na mzigo wote ukahamia kwenye redio. Dawa yake ilikuwa fupi: njia ya mkono ilipewa kiwango cha 200, ikabaki imejificha, na sasa hujitokeza pale tu OSPF inapoipoteza faiba.

Namba ya kulia ni gharama, nayo hulinganishwa ndani ya itifaki moja. RIP huhesabu ruta za kupitia tu, mwisho 15, bila kujali ubora wa njia. Ni sawa na kupanga safari ya Arusha kwa kutazama ramani peke yake: kabla ya barabara ya Kondoa hadi Babati kuwekwa lami, madereva wengi walizunguka Singida au Chalinze ingawa Kondoa ilionekana kuwa karibu zaidi. OSPF huangalia kasi, kwa kugawanya Mbps 100 kwa kasi ya kiungo. Kiungo cha Mbps 10 kinapata 10 na cha Mbps 100 kinapata 1. Lakini cha Gbps 1 nacho kinapata 1, kwa sababu gharama haishuki chini ya hapo.

Kwa hiyo, iwapo OSPF inaendeshwa kwenye viungo vyote viwili, faiba ya Gbps 1 na redio ya Mbps 100 zitaonekana sawa, na ruta itagawa mazungumzo kati ya njia hizo mbili. Baadhi ya watumiaji watafurahia kasi na wengine watateseka katika ofisi hiyohiyo. Ingiza amri ya auto-cost reference-bandwidth 100000 kwenye ruta zote, wala si moja tu, ili faiba ipate 100 na redio 1000.

Baada ya kurekebisha, andika amri ya show ip route ikifuatiwa na anwani kamili unayoichunguza, usome mstari uliochaguliwa. Kisha, baada ya saa za kazi, chomoa faiba na uhakikishe kwamba redio inapokea mzigo. Rudia kipimo hicho ukiwa Mtumba, kwa kuwa kila ruta huamua kwa jedwali lake, na majibu yanaweza kurudi kwa njia tofauti na ile yaliyokwenda nayo maombi.